Wewe unanunua vinavyoliwa, mwenzio ananunua vinavyobaki

Mwezi huu tuongee kitu ambacho wapenzi wengi wanaona aibu kukitaja kuliko hata mambo ya chumbani: pesa ya nyumba. Nani alipe kodi, nani anunue unga, nani aongeze LUKU umeme ukikata saa tatu usiku. Kuna watu wamelala kitanda kimoja miaka minne, kila mmoja anajua mwenzake anakoroma akilalia ubavu upi, lakini hakuna anayejua mwenzake anapokea shilingi ngapi mwisho wa mwezi.

Ukiwauliza kwa nini hawajawahi kukaa wakaongea, jibu ni lile lile: "Sisi tunapendana, hatuhesabiani." Maneno matamu, sikatai. Shida ni kwamba wote wawili wanahesabu, ila kimoyomoyo. Huyu anahesabu mara ngapi amenunua mchele, yule anahesabu mara ngapi amelipa kodi. Siku wakigombana kuhusu kitu kingine kabisa, ndipo hesabu zote zinapomwagwa sebuleni, na kila mmoja anakuta daftari la mwenzake halifanani na la kwake.

KWA NINI RINGWANI?

Tukiandika mambo haya huwa tunawafikiria watu wa Sinza na Mbezi, wenye flati na kabati la vyombo la kioo. Leo twende mbali kidogo, Ringwani, wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, na vijiji vya upande wa Tarime. Sababu ninayo.

Kijana akipangiwa kazi huko, awe mwalimu, muuguzi au bwana shamba, mara nyingi anafika peke yake. Mama yuko Mbeya, shangazi yuko Tanga. Nyumba nzuri za kupanga hazijai kijijini, na mwenye nyumba anaweza kutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukikutana na mwenzako mkapendana, hesabu inakuja yenyewe: kwa nini tulipe kodi mbili, tununue mitungi miwili ya gesi, na tuwalipe watu wawili wa kutuchotea maji? Mnahamia pamoja. Hakuna posa, hakuna kikao, hakuna aliyesema nani atashika nini. Mnaanza kupika na kupakua.

Sababu ya pili ni kwamba kijijini ndoto ya kiwanja iko karibu kuliko mjini. Mfanyakazi wa Dar es Salaam anaweza kupanga miaka 15 bila kugusa tofali. Huku, mtu anaweza kupata eneo mapema tu na akaanza kufyatua matofali kidogo kidogo. Kwa hiyo swali la nani ananunua nini haliishii kwenye sufuria. Linakwenda hadi kwenye jina litakaloandikwa kwenye karatasi ya kiwanja.

NUSU KWA NUSU

Wasomi wa kizazi chetu tunalipenda sana hili: "Sisi ni wa kisasa, tunagawana nusu kwa nusu." Linasikika kama haki yenyewe. Hebu tulipime kwa mfano wa kufikirika. Tumwite dada yetu Madam, maana ndivyo walimu wa kike wanavyoitwa, na kaka yetu tumwite Dokta, tabibu mwenye kiduka cha dawa pembeni.

Tuseme Madam anabaki na shilingi 560,000 mkononi, na Dokta anabaki na 840,000. Gharama zao zote za pamoja kwa mwezi ni 600,000. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 300,000. Madam anabakiwa na 260,000, Dokta anabakiwa na 540,000. Yaani Madam ametoa zaidi ya nusu ya pesa yake, na Dokta ametoa kama theluthi tu. Mama yake Madam akiugua, Madam anakopa. Mama yake Dokta akiugua, Dokta anatuma pesa na bado anakunywa soda.

Njia iliyo nzuri zaidi ni kugawana kwa uwiano wa kipato. Jumla ya pesa zao ni 1,400,000. Madam analeta asilimia 40, Dokta asilimia 60. Basi kwenye ile 600,000 Madam atoe 240,000 na Dokta 360,000. Madam anabakiwa na 320,000, Dokta na 480,000. Hapo kila mmoja amebanwa sawasawa na mwenzake kulingana na mfuko wake.

Angalia neno moja: mkononi. Usihesabu mshahara wa kwenye barua ya ajira. Hesabu kinachobaki baada ya kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya na Bodi ya Mikopo. Bodi peke yake inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa yule aliyesoma kwa mkopo. Walimu wawili wa daraja moja, mmoja ana deni la Bodi na mwingine hana, hawana mshahara sawa hata kidogo, ingawa wanasaini kitabu kimoja cha mahudhurio.

MTEGO ULIOJIFICHA JIKONI

Hapo wengi wangefunga ukurasa wakisema mambo yamekwisha. Mimi nasema ndio kwanza yanaanza. Hata ukigawa kwa uwiano mzuri kabisa, bado mmoja anaweza kutoka mikono mitupu.

Turudi kwa Madam na Dokta. Ile 600,000 tuivunje. Kodi ya nyumba 60,000. Chakula, gesi na mkaa, umeme, maji, sabuni na mshahara wa dada wa kazi, jumla 380,000. Kinachobaki, 160,000, ni pesa ya kiwanja na ujenzi.

Sasa wanagawana kazi, kama ilivyo katika nyumba nyingi. Dokta anasema, "Mke wangu, wewe shika jikoni, mambo ya kiwanja na mafundi niachie mimi." Madam anakubali, tena kwa furaha, maana nani anataka kugombana na mafundi? Kwa hiyo 240,000 yake yote inakwenda kwenye unga, dagaa, mafuta ya kula, gesi na sabuni. Dokta analipa kodi, anajazia 140,000 kwenye matumizi, na 160,000 anaweka kwenye kiwanja. Asilimia ni zile zile, 40 kwa 60. Hakuna aliyemwibia mwenzake.

Ipite miaka mitatu, yaani miezi 36. Madam ametoa 8,640,000. Ziko wapi? Zimeliwa, zimechemka, zimefuliwa. Dokta kwenye ujenzi ametoa 5,760,000. Ziko wapi? Zimesimama pale kwenye kiwanja, zina bati, na zina jina moja. Siku mambo yakiharibika, Dokta anabaki na nyumba na Madam anabaki na sufuria.

Mpenzi msomaji, hapa ndipo ninapotaka tukae. Nani anatoa kiasi gani ni swali la kwanza tu. La pili ni nani analipia vinavyoliwa na nani analipia vinavyobaki. Katika nyumba nyingi mwanamke ananunua vinavyoliwa na mwanaume ananunua vinavyobaki. Haikupangwa na mtu mbaya. Ni mazoea tu: jikoni kwa mama, ujenzi kwa baba. Lakini mazoea yana bei yake, na bei hiyo hulipwa na mmoja.

Dawa yake haihitaji hata shilingi moja zaidi. Badala ya kugawana kazi, gawaneni kila mstari. Madam atoe asilimia 40 ya kodi na matumizi, yaani 176,000 kati ya 440,000, na asilimia 40 ya ujenzi, yaani 64,000 kati ya 160,000. Jumla yake ni 240,000 ile ile. Dokta atoe 264,000 na 96,000, jumla 360,000 ile ile. Mifuko haijaguswa. Ila baada ya miezi 36, Madam ana 2,304,000 ndani ya ile nyumba, Dokta ana 3,456,000, na kila mmoja ana sababu ya kumbania fundi anayeiba saruji.

WAZEE WALIJUA KUHESABU

Atatokea mtu aseme haya ni mambo ya kizungu, kwamba Mwafrika hahesabiani na mkewe. Basi mtu huyo hajakaa na wazee wa Kikurya. Katika boma la zamani lenye wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba hiyo ilikuwa na mashamba yake, ghala lake na ng'ombe wake. Binti akiolewa, ng'ombe waliotolewa walihesabiwa kuwa wa nyumba ya mama yake, na ndio waliomwolea kaka yake wa tumbo moja. Hakuna aliyeona kwamba kuhesabu huko kunaua mapenzi. Waliona kunazuia ugomvi.

Hata ile mila ya nyumba ntobhu, ambayo watu wa mikoa mingine huishangaa, ndani yake kuna hesabu hiyo hiyo. Mama mwenye mali lakini hana mtoto wa kiume anatoa ng'ombe na "kuoa" binti, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na mali yake isitoke nje. Aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye nyumba, hata kama ni mwanamke.

Sisemi yote yalikuwa mazuri. Ng'ombe walikuwa wa nyumba ya mama, lakini mwenye sauti ya mwisho alikuwa baba, na binti aliyeolewa hakuulizwa sana. Ninachosema ni kwamba kujua kipi ni cha nani si ugeni. Ugeni ni huu wetu wa kuishi pamoja miaka mitano, hakuna ng'ombe, hakuna cheti, hakuna daftari, halafu kutegemea kwamba siku ya kuachana kila mtu atakuwa na kumbukumbu nzuri na roho safi.

SHERIA INASEMAJE?

Najua wengi wenu hamjafunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawatambua kwa namna yake. Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawachukulia kuwa ni mume na mke, kutakuwa na dhana kwamba wameoana. Ni dhana tu, inaweza kupingwa mahakamani, kwa mfano ikionekana mmoja tayari alikuwa na ndoa ya mke mmoja mahali pengine. Hata ikipingwa ikaanguka, mwanamke bado anaweza kuomba mahakama iamuru matunzo yake na ya watoto, na nafuu nyingine.

Kuhusu mali, kifungu cha 60 ndicho ningependa kila mtu akikariri. Mali ikipatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, dhana ni kwamba ni yake huyo, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa kwa majina ya wawili, dhana ni kwamba wana haki sawa. Umeona uzito wa jina? Ukiandikwa wewe, mwenzako ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Msipoandikwa wote, wewe ndiye utakayehangaika kutafuta mashahidi walioona ukinunua unga.

Kama eneo lenu ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kuandikwa majina ya wote wawili. Nendeni pamoja ofisi ya kijiji, msitume mmoja. Mkiwa na mchango usio sawa, kama Madam na Dokta, andikeni karatasi yenu inayosema asilimia 40 kwa 60, mtie sahihi mbele ya mashahidi.

Na yule dada ambaye hakutoa hata senti kwa sababu alikuwa nyumbani analea? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Kupika, kulea na kutunza nyumba vikaingia kwenye hesabu. Lakini kesi ile ina mkia wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu kwenye nyumba iliyogombaniwa. Mumewe alikuwa amempa shilingi 15,000 za kuanzisha mradi, zikatapanywa, na mahakama ikaona kwamba fungu lake alikuwa ameshalipata. Kwa hiyo dada, ukipewa mtaji, usiuchukulie kama pesa ya sherehe.

NA ASIYE NA MSHAHARA JE?

Si kila nyumba ina mishahara miwili. Huku Mara unaweza kukuta muuguzi anaishi na mkulima wa tumbaku, au mwalimu anaishi na mfanyabiashara wa ng'ombe wa mnadani. Mmoja anapata kila mwezi, mwingine anapata kwa msimu. Wa mshahara anajiona yeye ndiye anayelisha nyumba mwaka mzima, na wa msimu anajiona yeye ndiye aliyejaza ghala. Wote wana hoja.

Njia rahisi ni kuvipa thamani vitu vinavyoletwa. Mwenzako akileta magunia matano ya mahindi kutoka shambani kwake, angalieni bei ya soko ya siku hiyo, zidisheni mara tano, mwandikieni. Lita mbili za maziwa kila asubuhi ni pesa. Mkaa aliouleta kwa toroli ni pesa. Pia mhesabuni kwa mwaka, msimhesabu kwa mwezi. Mkulima ukimpima mwezi wa Februari utamdhulumu, ukimpima baada ya mavuno utajidhulumu wewe.

Kazi ya mikono nayo ihesabiwe. Kama mnatumia madumu manane ya maji kwa siku na mmoja wenu ndiye anayeyachota, ulizeni kijana wa baiskeli anatoza kiasi gani kwa dumu. Zidisheni kwa siku 30. Msishangae mkikuta mtu mliyemwita "hana kipato" anachangia zaidi ya anayenunua kuku wa Jumapili.

Mtoto akija, hesabu yote ibadilike. Mwajiriwa wa kike anapata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 akijifungua pacha. Lakini mwenye saluni au genge hana likizo ya mtu yeyote. Akifunga biashara kwa ajili ya mtoto wenu wawili, haiwezekani aendelee kudaiwa asilimia ile ile aliyokuwa anatoa alipokuwa na wateja.

AKINA KAKA NAO WANA LAO

Kaka, usinune, nawe nakusikia. Kuna dada ambao kauli yao ni "chako chetu, changu changu." Anapokea mshahara mzuri, lakini hata chumvi anasubiri mwanaume anunue. Pesa yake inakwenda kwenye kikoba, inarudi ikiwa mbuzi kwa mama yake na kiwanja kwa jina la mdogo wake. Hapo mambo yamegeuka: kaka ndiye ananunua vinavyoliwa na dada ndiye ananunua vinavyobaki. Dhuluma ni dhuluma tu, haichagui gauni wala suruali.

Ni kweli Sheria ya Ndoa, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa malazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake. Kwa mke mwenye uwezo, wajibu huo unakuja pale mumewe anaposhindwa kujitafutia riziki kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Na kwa Waislamu wengi, mali ya mke ni ya mke, hailazimishwi. Kama nyote wawili mnaamini hivyo na mwanaume anaweza kuubeba mzigo, sawa kabisa, si lazima mfuate uwiano wangu. Ila msemezane. Kinachoumiza si mwanaume kulipa, ni mwanaume kulipa akidhani mwenzake anaweka akiba yao wawili, kumbe akiba ni ya mmoja.

Halafu kuna ndugu. Ada ya mdogo wako, dawa za baba, ng'ombe anaotakiwa kuchanga kaka ili mdogo wake aoe, michango ya harusi, rambirambi. Hizi ndizo zinazovunja bajeti nyingi, maana hazina tarehe. Ushauri wangu: wazazi wa pande zote mbili waingie kwenye mfuko wa pamoja kwa kiasi mnachokijua. Wengine wote, kila mtu amhudumie wa kwake kwa pesa inayobaki mfukoni mwake. Hapo hutasikia tena, "Kwenu mnatumiwa kila wiki, kwetu mara moja kwa mwaka."

KIKAO CHA NUSU SAA

Haya, tufanye kazi. Mwezi huu kaeni hivi:

1. Chagueni siku, siku mbili tatu baada ya mshahara, mkiwa mmeshakula. Msikae kitandani, wala mbele ya dada wa kazi, wala siku ambayo mmoja amerudi amechelewa.

2. Kila mmoja aseme kinachobaki mkononi, na madeni yake yote: ya benki, ya SACCOS, ya kikoba, ya dukani. Ukificha deni hapa, umechezea hesabu nzima.

3. Andikeni gharama zote, hata zile ndogo za bodaboda, vocha na makato ya wakala. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha.

4. Tafuteni asilimia ya kila mmoja, kisha gawaneni kila mstari kwa asilimia hiyo, jikoni na kwenye ujenzi.

5. Fungueni mfuko wa pamoja. Inaweza kuwa laini moja ya simu yenye M-Pesa, au akaunti ya benki ya sahihi mbili. Kila mmoja aweke fungu lake siku ya mshahara, asisubiri kuombwa. Kuombana kila siku "niachie ya mboga" ndiko kunakomfanya mtu mzima ajisikie mtoto.

6. Kinachobaki kwa kila mmoja ni chake. Akinunua viatu vya tatu au akamnunulia rafiki bia, usiulize.

7. Kila kinachobaki kiwe na majina: kiwanja, nyumba, pikipiki, friji. Risiti ziwekwe kwenye bahasha moja ambayo wote mnajua ilipo.

8. Pitieni upya kila baada ya miezi sita, au mara tu hali ikibadilika. Uhamisho, kupanda daraja, mimba na msiba vyote vinabadilisha hesabu.

Mwenzako akikataa kabisa kukaa, jiulize kwa upole anaogopa nini. Wengine wanaogopa kuonekana wana kidogo. Mwanaume anayepata pungufu ya mwenzake, hasa mahali ambapo watu wanamsalimia "mura" na kutegemea awe simba, anaweza kuona afadhali afe na siri yake. Huyo mpe muda, anza wewe kusema cha kwako. Lakini kama anakunyang'anya kadi ya benki, anakulazimisha ukope kwa jina lako, au anakupiga ukiuliza pesa iko wapi, basi hayo si mambo ya bajeti tena. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na wasaidizi wa kisheria wanatoa ushauri bila malipo. Kwa waliooana, Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata lipo kwa kazi hiyo.

Kabla sijaweka kalamu chini, nikuachie zoezi moja. Leo jioni, kabla ya chakula, zunguka ndani ya nyumba yenu. Shika kila kitu kitakachokuwepo bado mwaka kesho: kitanda, friji, televisheni, karatasi ya kiwanja. Jiulize kila kimoja kililipwa na nani na kina jina la nani. Kisha angalia kwenye sufuria, ujiulize chakula hicho kimelipwa na nani. Ukikuta jina moja kwenye sufuria na jina lingine kwenye kila kilichobaki, mna la kuongea. Mkiongea leo mkiwa bado mnapendana, itawachukua nusu saa. Mkisubiri mpaka mchokane, mtaongea mbele ya hakimu, na hapo itachukua miaka.

Tukutane mwezi ujao. Nawatakia mapenzi mema na bajeti isiyovuja.